Asali Iliyokataa Kuwaka

Zamani asali ilipimwa kwa ulimi wa mlaji na jina la muuzaji. Siku hizi inapimwa kwa njiti ya kiberiti, na mwenye kiberiti ndiye hakimu.

Nasema hivi kwa ajili ya shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa, aliyeuza asali kwenye meza ileile ya soko kwa miaka thelathini na mmoja. Sokoni walimwita Mama Kijiko, kwa sababu hakukubali kukuuzia kabla hajakudondoshea kijiko kimoja kiganjani. "Onja hapa," alikuwa akisema. "Ukienda kulalamikia nyumbani, utalalamika peke yako." Mtu akijifanya ana haraka, alimwambia aende na haraka yake, asali itabaki. Leo muuzaji gani anathubutu kumwambia mteja maneno hayo? Leo mteja ni mfalme, hata akiwa mjinga.

Asali yenyewe haikuwa ile nzito mnayoijua. Ilitoka kwa nyuki weusi wadogo kuliko inzi, wasiouma. Wanaishi ndani ya gogo lililochimbwa, na mlango wao ni mrija mwembamba wa nta, unafikiri ni filimbi ya mtoto. Hawajengi masega ya kupangana kama nyuki wakubwa. Wao huweka asali kwenye vijungu vidogo vya nta na utomvu wa miti, vimeshikana kama kishada cha zabibu. Ni asali nyepesi, inamwagika karibu kama maji. Ukiiweka ulimini inaanza na uchachu, kisha utamu unafika taratibu kama mgeni mwenye adabu, na mwisho inabaki harufu ya mti. Mzinga wa nyuki wakubwa hujaza ndoo. Mzinga wa hawa wadogo ukikupa lita mbili kwa mwaka, shukuru. Ndiyo maana bei yake haikuwa ya mzaha, na ndiyo maana hakuna aliyeipunguza.

Mizinga yake kumi na minne ilining'inia upenuni, ukuta wa nyuma wa nyumba, kwenye vyuma alivyogongomea kaka yangu. Mimi nilikaa vyumba viwili upande wa pili wa ua. Kazi yangu ilikuwa kujalidi vitabu: vya shule, vya ofisi, vya dini vilivyochakaa kwa kushikwa. Shule niliiacha darasa la nne. Elimu niliyonayo niliipata kwa kusoma vitabu vya watu wakati gundi ikikauka, na shemeji alinitania kwamba ningekuwa na akili ningeoa kitabu kimoja chenye jalada zuri, nikome kula kwake. Sokoni waliniita Mzee Gundi. Sikuwahi kulipenda jina hilo, lakini nani aliniuliza?

Siku ya kurina asali niliweka kazi chini ili nimtazame. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaianika juani kama nguo, kwa sababu alisema taulo ni kitu cha watu wengi. Akafungua kifuniko cha gogo kwa kisu butu, akatoboa vijungu vya upande mmoja tu kwa kijiti cha mwanzi, kisha akaliinamisha gogo juu ya sufuria iliyofunikwa kitambaa safi. Hakuikamua wala hakuifinya. Aliiacha idondoke mpaka alasiri. Vijungu vya upande wa pili hakuvigusa. "Huo ni mshahara wao," alisema. Na mwaka ambao mvua zilizidi, maua yakapukutika kabla ya wakati, hakurina kabisa. Alikwenda sokoni akaipindua meza yake miguu juu, watu wakajua mwaka huu nyuki wanakula wenyewe. Hakuna aliyeichukua meza ile. Ilikaa miguu juu miezi mitano, ikangoja mwenyewe arudi. Mwambieni kijana wa leo habari hiyo, atadhani mnamtungia hadithi.

Jikoni alikuwa na sheria moja: moto umalize kazi yake ndipo asali iingie. Samaki alimkaanga na kitunguu saumu, akamwipua, akasubiri mvuke upungue, ndipo akamnyunyizia asali iliyochanganywa na pilipili iliyopondwa. Hukuhitaji limau wala sukari; vyote viwili vilikuwa mle. Viazi vitamu vya kuchemsha alivipasua katikati na kuvitia kijiko kimoja na chembe ya chumvi. Matango aliyakata vipande vyembamba akayachovya. Siku za joto kali alitia vijiko viwili kwenye jagi la maji baridi, na mimi, niliyeacha soda tangu ujana kwa ubahili, sikuona nilichokosa. Sijawahi kula vizuri kama nilivyokula kwenye ua ule, na nasema hivyo nikijua kuwa wapo ndugu zangu watakaosoma wakanuna.

Kwenye habari ya tiba lazima niwe mwangalifu, maana yeye alikuwa mwangalifu. Kwa kikohozi alikwambia ulambe nusu kijiko polepole kabla ya kulala, na ukifika wiki ya pili bado unakohoa, usirudi kwake, nenda hospitali. Kwa vidonda vya mdomo alikupa ya kupaka. Mimi mwenyewe kisu cha kukatia karatasi kiliwahi kunichana kidole gumba. Alikiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akapaka asali, akafunga kitambaa, na papo hapo akanifukuza niende nikachomwe sindano ya pepopunda. Kidole kilipona, kovu utalitafuta kwa miwani. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka hakumpa hata tone. Akina mama walimbembeleza, wengine walimtukana, yeye akasema tumbo la mtoto huyo bado halijajua asali. Mwenye kisukari alimwambia waziwazi kwamba hii ni asali, siyo maji, akamuulize daktari wake. "Asali yangu haifufui maiti," alisema, "wala hairudishi mume." Watu walicheka, wakanunua.

Kisha akaja Daktari. Hakuwa daktari. Alikuwa akiuza vifuniko vya simu kwenye mlango wa chini wa soko, biashara ikamlalia, akanunua koti jeupe na meza ya kukunja, akaanza kuuza asali. Asali yake ilikuwa nzito, nyekundu, inang'aa, na ladha yake ilikuwa ile ile masika na kiangazi. Haikuisha hata siku moja. Nyuki gani hao wasio na likizo? Kwenye lebo aliandika kwamba inatibu magonjwa arobaini. Nilisimama pale nikayahesabu, kwa sababu lililoandikwa mimi husoma. Yalikuwa thelathini na saba, na kiungulia kilikuwa kimeandikwa mara mbili.

Huyo ndiye aliyeleta kiberiti. Aliwakusanya watu, akawaonyesha picha za video kwenye simu, akasema asali ya kweli ukichovya njiti ndani yake kisha ukaiwasha, inawaka. Ya uongo ina maji, haiwaki. Akachovya njiti yake, akaikwaruza, ikawaka, watu wakapiga makofi. Fikiria watu wazima, wenye watoto wanaowalipia ada za shule, wanapigia makofi kiberiti kwa kuwaka.

Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kwa asili yake. Ndivyo Mungu alivyoiumba. Nililisoma hilo kwenye kitabu cha ufugaji nilichokijalidi miaka mingi iliyopita, nikalinakili kwenye daftari langu. Lakini uvumi una miguu na kitabu hakina. Haukupita mwezi, wateja wa shemeji wakaanza kuja na viberiti mfukoni. Walionja, wakakunja uso, wakaomba wajaribu. Aliwakatalia. Aliwaambia kiberiti ni cha jiko.

Ndipo kamati ya soko ikapitisha neno. Mwenyekiti wa kamati alikuwa muuza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye miaka sita mfululizo alinunua asali kwa shemeji kwa ajili ya kikohozi cha mama yake. Alituma karatasi kwa wauzaji wote wa asali: Jumamosi ijayo kila mmoja alete chupa yake mbele ya watu ipimwe, na ambaye asali yake haitawaka ataachia meza. Karatasi ilikuwa na mhuri. Siku hizi ujinga nao unapigwa mhuri.

Binti yake shemeji alikuja Jumatano kutoka mji wa jirani, alikofanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Ni mtoto mzuri, mwenye kumpenda mama yake, na kwa sababu hiyo alimpa ushauri mbaya. Alimwambia aichemshe kidogo tu, chupa moja ya kupimia, maji yapungue, iwake, watu wanyamaze. Baada ya hapo auze kama kawaida.

"Nikiichemsha," mama yake akasema, "kitakachobaki ni sukari yenye jina langu."

"Mama, ni chupa moja."

"Hiyo moja ndiyo watakayoiona."

Binti akanigeukia, akasema, "Baba mdogo, mwambie." Nikamwambia mama yako ana haki. Akaguna, akasema sisi wawili tutakufa na haki zetu mkononi. Akilini mwangu nilikuwa nimeshapata njia nyingine, na niliiona ni njia ya mtu aliyesoma.

Alhamisi nilichukua sukari, maji na rangi ya majani ya chai, nikavichemsha kwenye jiko la ua mpaka vikawa vizito. Nikachovya njiti, nikaipangusa kidogo, nikaikwaruza. Ikawaka. Nilifurahi kama mtoto aliyepata jino. Niliona kesi imekwisha: nikiwaonyesha kwamba sukari tupu inawaka, kipimo chao kimekufa. Nikamwita shemeji aone. Aliitazama sufuria, hakunitazama mimi.

"Shemeji, kaimwage."

Nikamweleza kuwa huu ni ushahidi. Akasema watu hawa hawatafuti ushahidi, wanatafuta kitu cha kuwaka. Akasema yeye atakwenda na asali yake jinsi ilivyo, wakitaka wataonja, wasipotaka basi, angalau atakuwa ametoka pale kama alivyoingia. Akaniomba kitu kimoja tu: Jumamosi nije nisimame, nisiseme neno. Nilimwitikia. Kisha nikamimina ule uji wa sukari kwenye chupa na kuificha nyuma ya mashine ya kubana vitabu. Chupa sikuwa nayo, hivyo nilichukua moja tupu kwenye rafu ya shemeji.

Jumamosi watu walijaa kama kuna mnada. Wauzaji wengine wawili wa asali walipimwa kwanza; asali zao zilikuwa za nyuki wakubwa, zikawaka, wakaenda zao. Ya Daktari iliwaka kwa njiti ya kwanza, akaiinua juu kama mshumaa. Zamu ya shemeji ilipofika, mwenyekiti akachovya njiti, akaikwaruza, ikatoa moshi kidogo. Ya pili ikakatika. Ya tatu haikutoa hata moshi. Kicheko kikaanzia nyuma. Mwanamke mmoja, ambaye nilimwona kwa macho yangu akipewa chupa ya bure mwaka aliofiwa, akasema kumbe tumekuwa tukinywa maji ya bei.

Shemeji akachukua kijiko, akamwonyesha mwenyekiti anyooshe kiganja. Akanyoosha, maana mazoea ni mazoea. Akaonja, akafanya kama hajawahi.

"Imechacha hii, mama."

"Haijachacha. Imezaliwa hivyo. Mama yako ameilamba miaka sita, na hukuja kuniambia imechacha."

Mwenyekiti akaanza kukisoma kibandiko cha sanduku la kiberiti. Niliona uso wake, na naapa kwamba alijua. Kama ningenyamaza dakika moja zaidi, huenda angesema tuahirishe, huenda angesema kila mtu arudi nyumbani. Sijui. Hilo "huenda" ndilo ninalolala nalo.

Sikunyamaza. Niliingia katikati, nikachomoa chupa mfukoni, nikachovya njiti, nikaikwaruza, ikawaka vizuri kuliko ya Daktari. Nikawatangazia kwamba hiyo ni sukari na majani ya chai, nimeipika mwenyewe juzi, na kwamba kipimo kinachosifu sukari na kuikataa asali ni kipimo cha wapumbavu. Watu wakanyamaza. Nilidhani wamenyamaza kwa sababu wameelewa.

Daktari akaja polepole na koti lake. Hakupaza sauti.

"Mzee Gundi, chupa hiyo ni ya nani?"

Nikaitazama. Shingoni ilikuwa na uzi mwekundu. Shemeji alifunga uzi wangu wa kujalidi kwenye shingo ya kila chupa yake, hata kabla hajaijaza, miaka yote, ili mtu asiibadilishe njiani. Soko zima liliujua uzi ule.

"Na umeipikia wapi?"

Nikasema nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?"

Hakungoja nijibu. Mtu mmoja akasema, "Kumbe jiko lipo huko," na kicheko safari hii kilitoka pande zote. Nikaanza kueleza habari za maji ndani ya asali, nyuki wadogo na wakubwa, nikatoa daftari langu, nikawasomea. Mwenyekiti alipata mlango wa kutokea na akautumia. Alinishika bega kwa upole, kama mtu anayemtoa mlevi msibani.

"Mzee wangu, kitabu hakiwashi kiberiti. Na inaonekana kupika mnajua."

Akasema mnajua. Kwa wingi. Mwanamke ambaye hakuwahi kuweka asali yake karibu na moto alihukumiwa siku ile kwa kosa la kupika, na aliyempelekea sufuria ni mimi. Nimewalaumu watu wa soko lile kwa maandishi na kwa mdomo, na nitaendelea kuwalaumu mpaka nizikwe: kwa uvivu wao wa kuonja, kwa kuona koti jeupe wakaona daktari, kwa kuukana ulimi wao wenyewe. Lakini uzi ulikuwa wangu.

Shemeji alizipanga chupa zake kwenye kapu moja baada ya nyingine, akaweka karatasi katikati zisigongane. Alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika uani akatua kapu, akasema bila kugeuka:

"Nilikuomba kitu kimoja tu, shemeji."

Hakunitukana. Jioni ile aliniwekea chakula kama kawaida, na nadhani angenimwagia maji ya moto ningelala vizuri zaidi.

Meza yake alipewa Daktari kabla wiki haijaisha, akaiunganisha na yake, akatandika kitambaa cha plastiki chenye maua. Wateja wachache wa zamani walikuja nyumbani, wakagonga mlango wa nyuma, wakanong'ona kwamba wao wanaijua asali yake ni ya kweli, ila hawataki maneno. Mmoja wao alitumwa na mwenyekiti. Mama yake anakohoa. Shemeji alimpa chupa ya mgonjwa bila kuchukua kitu, maana yule bibi hakuwa na kosa. Wengine aliwaambia hajawahi kuuza kwa kujificha na hataanza uzeeni. Asali ya msimu ule ikabaki kwenye vijungu, upande huu na upande ule.

Miezi miwili baadaye binti yake akaja na gari la mizigo. Alikuwa amepata nyumba yenye ukuta mrefu unaotazama mashariki na miti yenye maua karibu. Alisema mama hawezi kuendelea kuishi mahali ambapo akienda kununua chumvi watu wanacheka.  Magharibi ya siku iliyotangulia safari, nyuki walipokwisha kuingia wote, shemeji alipita mzinga kwa mzinga akaziba mirija kwa pamba mbichi, polepole, kama anafunga vifungo vya nguo ya mtoto.

Alfajiri walipakia. Dereva alitaka kuyalaza magogo kama kuni ili yaenee. Shemeji alimwambia kila gogo litasafiri juu likiwa juu na chini likiwa chini, kama lilivyoning'inia, vinginevyo vijungu vitapasuka ndani na watoto wa nyuki watazama kwenye asali ya mama zao. Dereva akasema, mama, nimebeba mpaka vioo. Akamjibu kuwa vioo havina watoto. Alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma, akakaa katikati ya mizinga juu ya godoro lililokunjwa, mkono mmoja huku na mwingine kule.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyaandika usiku kucha, nikayafuta, nikayaandika. Niliposimama kando ya gari, nikamwambia kamba ya upande wa kushoto imelegea.

Akainama akaishika. Haikuwa imelegea. Akaikaza hivyo hivyo, akasema, "Ahsante, shemeji," na gari likaondoka, yeye akiwa amewageukia nyuki wake, likapinda kwenye kona ya ghala, na sijawaona tena.